Mwaka Mmoja na Ndoo ya Samadi

Somo: Luka 13:6–9



Jumatatu jioni nilikaa barazani nikiutazama mche wangu wa pilipili hoho ukifa. Niliupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, moja ya zile walizoacha mafundi walipomaliza kupaka nyumba ya mchungaji. Nilitoboa matundu chini, nikatandika kokoto mpaka robo ya ndoo, halafu nikajaza udongo mweusi wa kihambani, ule wa chini ya migomba, ambao kila mtu hapa Makumira anajua ukiudondoshea mbegu na kugeuza shingo unakuta imeota. Kila asubuhi kabla ya kutoka niliumwagilia. Majani yakaanza kuwa ya njano kutoka chini, maua yakapukutika, shina likalegea.

Akaja mama mmoja mzee wa usharika kuuliza habari za ubatizo wa mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ndoo akachomeka kidole. Kiliingia mpaka pingili ya kwanza, kikagoma. Akainamisha ndoo akatazama matundu ya chini, akanusa kidole, kisha akaninyooshea na mimi ninuse. Kilikuwa kinanuka tope la kidimbwi.

"Mchungaji, mche huu hauna kosa," akasema. "Umeunyima pumzi."

Mimi nilidhani naunyima mbolea. Nilikuwa nimeshapanga kupitia duka la pembejeo Usa River kesho yake. Neno lile la mama nililala nalo, na asubuhi nilipofungua somo la juma hili nikakuta mwenzangu aliyewahi kusimama mbele ya mti usiozaa.

Mnaijua habari. Mwenye shamba amekuja mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu akitafuta tini, na kila mara amekuta majani. Anaamuru mti ukatwe, na sababu anayoitoa ni ya mtu anayejua thamani ya ardhi: mti unakula shamba bure. Mtunza shamba habishani na hesabu hiyo wala hausingizii mti matunda ambayo haukuzaa. Anaomba mwaka mmoja, na anataja kazi atakayoifanya ndani ya mwaka huo. Atalima kuuzunguka, kisha atatia samadi. Hagusi tawi. Kazi yake yote iko chini, mahali ambapo bwana wake kwa miaka mitatu hakupatazama, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta tini.

Ukirudi aya chache nyuma utaona Yesu alikuwa anajibu nini. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Swali lililokuwa vinywani mwao tunalijua, maana sisi nasi tunaliuliza msibani na shambani: huyu alikosa nini kuliko wengine? Yesu alikataa hesabu ya namna hiyo na kuwaita wote watubu. Halafu akasimulia habari ya mti ambao mtunza wake, badala ya kuushtaki, aliomba kuuchimbia.

Kwa miaka mingi nimelihubiri somo hili kama habari ya uvumilivu wa Mungu, na ni kweli ndivyo ilivyo. Lakini juma hili nimeona mpangilio wa maneno ya yule mtunza shamba ambao sikuwahi kuujali. Kulima kunatangulia, samadi inafuata. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga samadi juu ya ardhi iliyoshikamana anajua kwa nini. Mvua ya kwanza inaizoa yote mpaka mtaroni, na mti unabaki na njaa yake ileile.

Hapa petu tuna kishawishi cha pekee, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba udongo wa Meru haushindwi. Mlima huu ni volkano. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, tena kidogo tu, na maelfu ya miaka kabla ya hapo ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote. Vile vilima vidogo vidogo vya Momela ni mabonge ya mlima ule. Majivu yaliyomwagika zama zote hizo yakachakaa polepole yakawa udongo tunaoulima: mweusi, mwepesi mkononi, unaoshika maji muda mrefu. Lakini wataalamu wa udongo wanaujua ugumu wake pia. Udongo wa majivu ya volkano huishika fosforasi kwa nguvu, hata ikawepo tele na mizizi isiipate. Unaweza kununua mfuko wa mbolea, ukafukia, na sehemu kubwa ikafungiwa humohumo ardhini. Kinacholegeza mkono huo ni mboji na samadi, yaani vitu vilivyowahi kuwa hai. Na mlima huohuo ndio uliotia floraidi kwenye chemchemi zetu, ile inayoyafanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Pale Ngurdoto kipo kituo ambacho kazi yake ni kutafuta namna ya kuiondoa, na njia mojawapo ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Zawadi ya mlima imekuja na kazi yake.

Bibi zetu waliifanya kazi hiyo kwenye udongo. Kihamba unachokiona leo kimesimama kwa mzunguko mmoja usiokatika: majani na mashina ya migomba yanakwenda bandani, ng'ombe anakula na kulalia, samadi inarudi kwenye shina la mgomba, na kahawa inajipatia kivuli na chakula hapohapo. Fanyeni hesabu ya makarai mangapi yamebebwa kichwani kutoka bandani mpaka mwisho wa kihamba, asubuhi baada ya asubuhi, kwa vizazi vitatu au vinne. Ule weusi tunaousifia na kusema ni wa mlima, kwa sehemu kubwa ni jasho la wanawake hao. Serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru kule Ngare Nanyuki mwaka 1951, na msemaji wao Kirilo Japhet akaifikisha kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, watu walionyeshwa eneo jingine wakaambiwa wahamie huko, kana kwamba ardhi ni ardhi tu. Waliokuwa wameipalilia kwa mikono yao walijua wameacha nini nyuma.

Nalisema hili, kwamba udongo hutengenezwa, kwa sababu ya mahubiri yetu ya mfano wa mpanzi. Tunahubiri njia, mwamba, miiba na udongo mzuri kana kwamba kila udongo umezaliwa hivyo na utakufa hivyo. Halafu mtu anarudi nyumbani akiwa ameshajiweka kwenye fungu lake: mimi ni mwamba, mume wangu ni njia, mtoto wa jirani ni miiba. Hakuna mkulima wa hapa anayesema hivyo juu ya shamba lake. Pakiwa na mwamba ataokota mawe ajengee kingo. Penye miiba atang'oa. Njia ya ng'ombe ataifunga kwa matawi na kuilima, na msimu wa tatu atavuna maharage palepale palipokuwa na kwato.

Sasa nirudi kwenye ndoo, maana wengi wenu mnazo. Vihamba vimegawanywa kwa watoto, na watoto wamegawia wajukuu, na kando ya barabara ya Moshi mpaka Tengeru viwanja vimeuzwa kwa hatua. Mtu ana hatua 20 kwa 20, nyumba imekula karibu yote, na mboga inapandwa kwenye ndoo, gunia, galoni lililokatwa au tairi. Hilo ni jambo jema na ninalibariki. Lakini ndoo ina sheria zake, na mama yule alinifundisha mpaka giza likaingia.

Alianza kwa kuniomba sifongo la kuoshea vyombo. Akalilowesha, akalilaza bapa juu ya kiganja. Likadondosha maji, likanyamaza. Kisha akalisimamisha wima bila kulikamua hata kidogo, na maji yakaanza kutoka tena. Sifongo ni lilelile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni urefu tu. Udongo uliomo chomboni una tabia hiyohiyo. Sehemu ya chini kabisa hubaki na maji yanayokataa kuondoka, na chombo kikiwa kifupi, sehemu hiyo yenye maji inakula karibu udongo wote. Shambani hali ni tofauti, kwa kuwa chini ya udongo kuna udongo mwingine unaoendelea kuyavuta maji kushuka. Kwenye ndoo mvuto huo umekatwa na kitako.

Na kokoto zangu? Nilizitandika nikidhani nasaidia maji yapite, na najua wengi mnafanya hivyo. Maji hayatoki kirahisi kwenye vitundu vidogo vya udongo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake umelowa chepechepe. Kwa hiyo lile tope la kitakoni nililipandisha tu likakaa jirani na mizizi, na ndoo yangu nikaifupisha kwa robo. Mizizi hupumua, wapendwa. Ikikaa ndani ya maji yasiyo na hewa inaoza, na mche unanyauka huku umezama, nawe ukiona umenyauka unaongeza maji. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiuua wangu, kwa bidii kabisa, kila asubuhi. (Kwenye bustani ya gunia mawe yana kazi nyingine: yanapangwa katikati kama nguzo, kwa kutumia kopo lisilo na kitako linalopandishwa kadiri gunia linavyojaa, ili maji yafike mpaka chini na pembeni. Nguzo hiyo iacheni, inafanya kazi.)

Dawa yake ni kuchanganya kwa ndoo nzima, kutoka juu mpaka chini. Udongo wa kihambani ukiwa peke yake ndani ya ndoo hugandamana kila unapomwagiliwa, kwa sababu hakuna nyungunyungu wa kuufungua wala mizizi ya mgomba wa kuupasua. Kipimo cha mama yule ni debe mbili za udongo, debe mbili za mboji iliyoiva na kuchekechwa, na debe moja na nusu ya vile vijiwe vya volkano vyenye vitundu kama mkate, vinavyoelea ukivitupa majini. Asiye navyo atafute mchanga wa mtoni wenye punje kubwa, au maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kufika kuwa majivu. Kwa miche ya viriba, udongo unaweza kuzidi kidogo: tatu za udongo, mbili za samadi iliyoiva, moja ya mchanga, kama wanavyofanya wengi vitaluni. Kisha chukua mchanganyiko ukiwa na unyevu, ufumbate mkononi, fungua kiganja. Utulie kama donge, halafu ukiugusa kwa kidole uvunjike. Ukigoma kuvunjika, ongeza vijiwe. Ukikataa hata kushikana, ongeza mboji.

Aliniasa mambo mawili akishika sikio langu kama mtoto. Udongo wa mahali nyanya ziliponyauka usiutie chomboni, maana mnyauko wa bakteria hukaa ardhini miaka. Na samadi mbichi isiguse mzizi, inaunguza. Samadi iliyoiva hainuki zizi, inanuka udongo baada ya mvua.

Nikamuuliza nitajuaje kama lundo langu la mboji liko hai. Akaniambia nichomeke fimbo ndefu kwa mshazari mpaka moyoni mwa lundo, niiache. Juzi niliichomoa ya kwake, kwake nyumbani. Ilikuwa na joto kiasi cha kubadilisha mkono, yenye unyevu, ncha imekuwa nyeusi. Lundo lililopangwa vizuri, tabaka la majani makavu, la majani mabichi, la samadi, na udongo kiasi, hufika nyuzi joto 60, nazo zinatosha kuua mbegu nyingi za magugu. Fimbo ikitoka ya baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikitoka yenye unga mweupe, ni kavu mno. Ikinuka uozo, limezidiwa maji, uligeuze lipate hewa. Hewa tena, mnaona. Majani mabichi yaliyo bora tunapishana nayo kila siku kando ya barabara: alizeti mwitu, yale maua ya njano tunayokata na kutupa. Majani yake yakikauka yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, na huoza upesi kuliko karibu kila kitu kingine kinachoota bure hapa.

Jambo moja linanisumbua, nami nitalisema wazi. Wapo wanaouza udongo wa msituni kwa gunia, na wapo tunaonunua, kwa sababu ni mzuri na uko tayari. Ni mzuri kwa kuwa msitu umeutengeneza kwa mamia ya miaka, na ukishaukwangua pale chini ya miti, mvua za masika zinamalizia kilichobaki na kukipeleka mto Usa, kutoka hapo Kikuletwa, mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulaya nako walichimba ardhi ya vinamasi, ile inayoongezeka kama milimita moja kwa mwaka, wakaifungia kwenye mifuko ya plastiki ili watu wapande maua barazani. Sipendi bustani ya mchungaji iote kwa kuacha kovu mahali pengine. Miezi mitatu ya kungojea lundo si mingi.

Lakini ndoo imenifundisha zaidi kuhusu watu kuliko kuhusu mboga. Chuo chetu hapa chenyewe ni mche uliohamishwa. Masomo ya theolojia yalianza Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, yakaletwa Makumira mwaka 1954, na mwaka 1997 chuo kikapanda kuwa chuo kikuu kishiriki. Kila mwaka wanakuja vijana kutoka Mbeya, Kagera, Mtwara, na kila kona, wengi wao wanapanga vyumba hapa mtaani. Kijana aliyeko kwao amepandwa ardhini. Akikosa kwa baba atapata kwa shangazi, akikauka upande huu mzizi utatafuta upande ule: kwa jirani, kwa mwalimu wake wa kipaimara, kwa bibi anayemfichia ugali. Akija geto, amehamishiwa kwenye chombo. Mzizi ukienda kulia unakuta ukuta, ukienda kushoto unakuta ukuta. Hawezi kutafuta. Atakachokipata ni kile kilichochanganywa ndani ya chombo na kile kinachomwagwa kutoka juu.

Na sisi tunamwaga. Semina, kongamano, mafundisho ya uchumba, maonyo ya Jumapili, ujumbe wa simu alfajiri. Nani anayekaa naye nusu saa bila kumfundisha kitu?

Katika usharika mmoja niliowahi kuutumikia, mbali na hapa, alikuwapo kijana mpiga kinanda. Alianza kukosa mazoezi, kisha ibada. Baraza la wazee lilimjadili vikao vitatu, nami nikiwa mwenyekiti. Nilimwandikia barua. Nilimtembelea mara mbili chumbani kwake nikiwa na mzee wa kanisa. Tulisoma neno, tukaonya kwa upole, tukaomba, tukaondoka. Mwisho jina lake likafutwa kwaya, na sahihi iliyo chini ya uamuzi ule ni yangu. Miaka miwili baadaye tulikutana stendi. Hakuwa na hasira. Aliniambia, "Mchungaji, chumbani kwangu kulikuwa na vitanda viwili. Mara zote mbili mlikalia kile cha pili, na hamkuuliza ni cha nani."

Kilikuwa cha mdogo wake, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mama yao alifariki mwaka ule. Jumapili ndiyo siku iliyokuwa na malipo mazuri pale alipofanya kibarua, na ada ya mdogo wake ilitoka hapo.

Nimeyasema haya kwa Mungu mara nyingi, na leo nayasema kwenu. Mafundisho tuliyompa hayakuwa na upungufu. Tulichokosa ni kulima. Tulikuja na samadi njema kabisa tukaimwaga juu ya ardhi iliyokuwa imeshindiliwa na msiba, na yote ikatiririka mlangoni tulipokuwa tunavaa viatu. Kulima kungekuwa swali moja, halafu kunyamaza. Kitanda hiki ni cha nani? Umekula nini leo? Tangu mama aondoke, usiku unapitaje?

Yule mtunza shamba aliomba mwaka mzima. Kulima kuuzunguka mti si kazi ya asubuhi moja. Unaanza mbali na shina ili usikate mizizi, unaingia kidogo kidogo, unapoona mzizi mwembamba unaweka jembe chini na kutumia vidole. Wapo kati yenu wazazi wenye mtoto ambaye hajazungumza nao tangu Krismasi. Wapo wenye ndoa ambayo wamekuwa wakiimwagilia maonyo kila asubuhi. Sisemi msiseme neno la kuonya. Yesu mwenyewe alionya, na katika somo hili shoka lipo, halijafichwa. Nasema anzeni mbali na shina.

Nami nimejiuliza ni nani aliyenifanyia mimi hivyo. Miaka mitatu ya Mwenyezi kuja na kukuta majani imekuwa mingi maishani mwangu. Aliyeniombea mwaka mwingine hakuomba kwa mbali. Alipiga magoti penye udongo, mikono yake ikachafuka, na katika Kwaresima hii tunamfuata akielekea mahali ambapo mikono hiyo ilipigiliwa misumari. Hatuambiwi kama mtini ulizaa. Luka anaiacha habari pale, mtunza shamba akiwa bado anaomba, na mwaka wenyewe haujaanza.

Mche wangu wa hoho niliung'oa Jumanne. Mizizi ilikuwa imejikunja juu ya kokoto, ya kahawia na laini, isipokuwa mmoja uliotambaa kwenye ukingo wa ndoo ukaota vinywele vyeupe. Niliipunguza iliyooza, nikaupanda upya kwenye mchanganyiko wa mama yule, nikauweka kivulini chini ya mparachichi. Leo ni siku ya tano na majani mawili ya juu yamesimama. Sijaumwagilia tangu juzi. Kila asubuhi nachomeka kidole kwanza.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutaanzisha lundo la mboji nyuma ya kanisa, upande wa jikoni, kabla masika hayajakolea. Mwenye ng'ombe alete karai moja la samadi. Wasio na ng'ombe tukutane saa moja na nusu barabarani tukakate alizeti mwitu, njooni na panga. Wanafunzi mnaopanga hapa mtaani, leteni ndoo zenu, hata zilizopasuka, na mje na njaa: akina mama watapika loshoro. Tukishapanga tabaka la mwisho tutaketi pale kivulini. Mimi sitakuwa na somo la kufundisha siku hiyo. Nitakaa nawasikiliza.